Sindano Niliyoifunika kwa Adabu

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu. Nilikuwa msichana niliyetoka Busia kutafuta kazi Kampala, nimemaliza kidato cha nne, najiona najua kila kitu. Nikapata kazi ya kuwasaidia manesi kwenye kliniki moja ndogo huko Kansanga. Kwetu tulifundishwa kisu hakiachwi wazi. Ukimaliza kukata, unakifunga. Basi kila sindano iliyotumika niliirudishia kifuniko chake, anayefagia asichomwe. Niliona ndiyo adabu.

Jumatatu asubuhi, wagonjwa wamejaa benchi, nikafunika kwa haraka. Sindano ikapita pembeni ikaingia kidoleni. Nikanyonya damu, nikabandika plasta, nikanyamaza. Niliogopa kufukuzwa. Na kusema kweli, niliogopa kupimwa UKIMWI. Miaka ile hakuna mtaa ambao haukuwa umezika.

Kesho yake Sista Achan akaiona plasta. Ndiye alikuwa mkubwa wetu, mke wa askari, mtu wa kaskazini, na Kiswahili chake cha kambini hakikuwa na mzunguko.

"Wewe, hii nini?"

"Nimejikata na kisu, Sista. Nilikuwa namenya matooke."

"Matooke ya wapi? Jana ulishinda hapa unakula chapati zangu." Akanishika mkono. "Sindano?"

Nikaanza kulia.

"Lia ukitembea. Dawa ya kuzuia virusi inangoja siku tatu tu, na wewe moja umeshakula."

Akanipeleka mwenyewe hospitali. Nikapimwa, nikapewa vidonge vya siku ishirini na nane. Vilinitapisha, lakini kilichonikondesha ni kungoja. Nilikuwa nimechumbiwa, kila baba yako akiuliza tarehe ya harusi, namwambia subiri kidogo. Kipimo cha mwisho kikatoka safi. Nikacheka kama mwehu.

"Shukuru plasta yako," Sista akasema, "akili yako haikufanya kitu."

Sasa wewe unaanza kazi wodini, sikia, maana mimi sina subira ya kurudia. Sindano iliyotumika usiifunike. Itupe hapohapo kwenye boksi lake gumu, na boksi lisijae mpaka juu. Vaa glavu hata kwa mgonjwa unayemjua. Chanjwa homa ya ini. Ukichomwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usinyonye, usikamue, halafu sema saa hiyohiyo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Aibu ya kusema ni ya dakika moja tu, mwanangu. Mimi niliikimbia siku nzima, na ilibaki kidogo nikukose wewe.

Mungu ailinde mikono yako, na siku ukikosea akupe mdomo wa kusema mapema.