Bendi Isiyokuwa na Maneno

Hadi leo nikisikia harufu ya maziwa yanayochacha, nakumbuka saksafoni. Bendi yetu ya kijiji cha Nyamitaba ilifanya mazoezi katika kibanda cha jibini, kila Jumamosi asubuhi baada ya ng'ombe kukamuliwa, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba ya maharage. Baba yangu, ambaye sote tulimwita Papa, alipuliza saksafoni yake iliyochubuka, mimi nilipiga kinanda kilichounganishwa na betri ya gari, na ngoma zilikuwa za Espe, rafiki yangu aliyeniita dada ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Tulipiga rokirol ya kizamani, ile ya kurukaruka, bila mwimbaji. Hilo lilikuwa sharti la Papa. Vilima vyetu vina lugha zaidi ya moja, na kila wimbo wenye maneno ulikuwa na wenyewe. "Mutu hawezi gombana na muziki yenye haina maneno," alituambia. "Hapa kinywa ni ya kupuliza tu." Nilimwamini kama nilivyoamini misa. Espe, ambaye kwao walisema lugha nyingine, alimwamini kuliko mimi.

Mwaka tulipofikisha miaka kumi na miwili, tulialikwa kupiga kwenye sikukuu ya mavuno, mbele ya kanisa. Watu wa vilima vyote walikuja. Mama yangu alimshika mkono mama yake Espe, wakacheza mpaka vitambaa vikawadondoka kichwani. Kisha mheshimiwa mmoja kutoka mjini, aliyekuwa akitafuta kura, akamnong'oneza Papa. Papa akatabasamu. Akaiacha saksafoni ining'inie kifuani, akafungua kinywa, akaimba kwa lugha yetu kwamba vilima hivi ni vya babu zetu sisi, na wageni wakumbuke njia waliyojia.

Ngoma zikanyamaza. "Papa, kumbe njo vile unatuona?" Espe aliuliza. Papa hakumtazama. Aliniambia mimi, "Piga, mutoto, usiache." Nami nikapiga. Kikulacho ki nguoni mwako, na siku ile mimi na Papa ndio tuliokuwa nguoni mwa Espe. Aliweka fimbo zake juu ya ngoma, taratibu, akamfuata mama yake, na nusu ya uwanja ikatoka nyuma yao. Kabla mahindi ya msimu uliofuata hayajakomaa, akina Espe walikuwa wamehama.

Siku hizi napiga kinanda kanisani, Goma, na kila simu barabarani inaimba maneno ya mtu fulani. Papa amezeeka. Husema ile ilikuwa siasa tu, na mimi sijamsamehe, wala vidole vyangu sijavisamehe. Mwaka jana, sokoni Mpofi, nilimkuta mwanamke anayeuza mawese, akigongagonga kidumu kwa mdundo wetu ule wa kibandani. Nikapaza sauti, "Espe! Dada!" Mkono wake ukatulia. Akanitazama, akachukua kikombe chake cha kupimia.

"Nikupimie ngapi, Mama?" akauliza.