Kuinuka Bila Kushika Mpini

Niliinuliwa kutoka chini kwa mpini wa jembe, na aliyeniinua ni mke wa mwanangu. Nalisema mapema kwa sababu hapa kijijini Tabaka jambo hili limeshasemwa na kila mtu, tena kwa chumvi nyingi, na mimi nataka lisikike pia kutoka kwa mwenye matako yaliyoanguka.

Ilikuwa asubuhi, mvua imenyesha usiku kucha. Nilitoka kwenda nyuma ya migomba kutazama jiwe langu moja lenye mishipa ya waridi. Sikuwa na kazi nalo. Mchongaji mzee huenda kutazama jiwe vile mfugaji mzee huenda kutazama ng'ombe ambaye hamkamui tena. Mguu ukateleza, nikakaa chini pwaa. Sikuvunjika kitu. Hapo ndipo aibu ilipo: sikuvunjika kitu, na bado sikuweza kuinuka. Nilijaribu kwa mkono, nikajaribu kwa goti, nikamwambia paja langu, "Twende." Paja halikunijibu.

Mkamwana wangu alinisikia nikihema, akaja mbio. Akafika hatua tatu kutoka nilipo, akasimama kana kwamba amefika ukingo wa mto.

Msomaji wa mbali lazima nimweleze. Sisi Wagusii tuna heshima tunayoiita chinsoni. Baba mkwe hamgusi mke wa mwanawe, wala haingii ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Vijana wa mjini wanacheka. Wacheke. Mimi nimeishi ndani ya heshima hiyo miaka sabini na ushee na haijawahi kuninyima usingizi. Siku ile tu ndiyo ilininyima mkono.

Marehemu mke wangu angekuwapo, angenishika kwapa huku akinitukana, tungemaliza. Lakini hayupo. Mwanangu yuko Kisii mjini, anauza mitumba soko la Daraja Mbili na kurudi nyumbani mwisho wa juma. Kwa hiyo tulitazamana, mimi matopeni, yeye amesimama, na kati yetu hatua tatu za desturi.

Akageuka akaenda zake. Nikafikiri ameenda kuita watu, nikaanza kupanga uongo wa kuwaambia. Akarudi na mpini wa jembe, jembe lenyewe amelitoa. Akanisogezea ncha moja, macho ameyaelekeza kwenye migomba.

"Tata," akaniita, ndivyo tunavyomwita baba, "shika huku."

Nikashika. Akavuta. Yule mwanamke ana nguvu, sijui kwao walimlisha nini. Nikainuka na tope langu. Yeye akaendelea kutazama migomba, mimi nikatazama mawingu.

Jioni rika langu akaja. Huyu tulitahiriwa pamoja, tukachimba jiwe pamoja, na hana haya hata kidogo.

"Nimesikia umevuliwa kama samaki," akasema.

"Samaki huvuliwa kwa ndoano."

"Basi wewe ulikuwa kambare. Unashikwa topeni kwa mti."

Nikacheka kwa sababu yeye ni rika. Lakini mwanangu aliporudi Ijumaa hakucheka. Aliisikia habari yote, akakaa mbele yangu akiwa bado na jaketi.

"Baba, hapa hukai tena. Ukianguka hakuna wa kukushika. Utakuja mjini kwangu. Pale mimi mwenyewe nitakuinua."

"Nyumba yako siingii. Unajua."

"Hayo ni mambo ya kale. Biblia haijakataza."

"Biblia haijasema pia nilale kando ya mtungi wako wa gesi."

"Basi nifanye nini?" akauliza, na sauti ilimpasuka kidogo. Hapo nikajua hanionei. Anaogopa kunikuta chini siku moja nimekauka. Lakini hofu ya mtoto si sheria ya mzee. Nikamwambia nitakufa nyumbani kwangu, kwa mlango wangu, na kitanda changu hakitavuka kizingiti nikiwa hai. Akasema tutaona. Nami nikasema tutaona.

Sasa niseme ukweli ambao hauniheshimu. Miguu ile haikuibiwa na mtu. Nilishiriki. Miaka miwili kabla ya hapo nilipimwa nikaambiwa nina presha, nipunguze mafuta. Kupunguza, ndivyo walivyosema. Lakini sisi tukisikia punguza, tunasikia ng'oa. Na pale kanisani mama mmoja wa somo la afya akafundisha kwamba mafuta huziba mishipa kama mfereji wa jikoni. Basi nyumba nzima ikanihurumia. Avokado za shamba zikapakiwa zote kwenye lori la wanunuzi, hata zile zilizopasuka. Njugu zikaondoka mezani. Omena, wale dagaa wa ziwani, wakaambiwa wana mafuta, wakafukuzwa. Na chinsaga, mboga yetu chungu, ikaanza kuchemshwa kwa maji matupu.

Chinsaga kwa maji. Mke wangu angefufuka agombane. Yeye aliiacha chunguni siku mbili, siku tatu, akiichochea, akiiongezea malai yaliyoganda juu ya maziwa mpaka ule uchungu unapoa na kuwa kitu kingine. Hiyo ndiyo chinsaga. Ile ya maji ni adhabu.

Zaidi ya hayo, mwanangu aliniletea kiti cha plastiki chenye mikono pande zote mbili. Kigoda changu cha miguu mitatu, nilichokalia kuchonga maisha yangu yote, kikapelekwa kwa kuku. Nami nilikipenda kile kiti, sitaficha. Uji uliletwa pale. Redio ililetwa pale. Mgeni alinikuta pale. Miaka miwili nilikaa kama chifu wa kitu kisichojulikana.

Mwanangu akanipeleka kwa daktari mjini, nafikiri alitaka karatasi ya kunishinda nayo. Daktari alikuwa binti mdogo, mgeni wa huku, kwa lafudhi nilimdhania wa Ukambani, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili. Kiswahili changu nilikipata kwa wafanyabiashara waliokuja kununua vinyago. Shuleni niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe nilihudhuria msimu wa kiangazi.

Alinisikiliza, akanipa kiti kisicho na mikono.

"Mzee wangu, kunja mikono kifuani. Inuka."

Nikajiinamisha mbele, nikarudi nyuma. Tena. Mwanangu akageuza uso akasoma kalenda ukutani. Sijawahi kuona mtu akisoma kalenda kwa bidii vile.

"Unakula nini?" daktari akauliza.

Mwanangu akajibu kwa fahari. "Mafuta tulitoa yote. Hata tone."

"Nani aliwaambia mtoe yote?"

Mwanangu akarudi kwenye kalenda.

Akavuta kiti karibu, akaniambia mimi, si mwanangu. Hilo lilinifurahisha. Akasema mafuta mwilini si kuni tu za kuwasha. Kila chembe ya nyama na ya mfupa imezungushiwa utando, na utando huo umeshonwa kwa mafuta. Ukiinua kitu kizito, mfupa unapindwa kidogo sana, kiasi usichoweza kukihisi, na chembe zake zinakata kipande cha mafuta ya utando na kukituma kama mjumbe. Mjumbe anafika anasema: hapa kuna kazi, jengeni. Msuli nao una wajumbe wake. Wengine huita uvimbe uje kutengeneza palipochanika, wengine huuambia uvimbe umetosha, nenda. Akasema wale wa kuutuliza uvimbe, mwili hupenda kuwatengeneza kwa mafuta ya samaki, hata hawa omena wadogo. Na jua la asubuhi linapiga kitu cha jamii ya mafuta kwenye ngozi, kinageuka kuwa mjumbe anayesaidia mwili kuchukua chokaa ya kujenga mfupa kutoka kwenye maziwa na mboga.

"Na asiyeinua kitu?" nikauliza.

"Hakuna ujumbe wa kazi. Msuli unapungua, na mafuta mengine yanakuja kukaa ndani ya nyama na ndani ya uboho, mahali pasipo pake. Hayo nayo yanasema, lakini yanasema vibaya."

Mwanangu akauliza kama ni uzee tu.

"Uzee upo," akasema. "Lakini huyu hajazeeka miguu peke yake. Miguu imekalishwa."

Nilimwelewa haraka kuliko mwanangu aliyemaliza kidato cha nne, na sababu ni shimo. Katika machimbo ya jiwe letu, aliye chini haonwi na aliye juu. Ukipiga kelele, sauti inamezwa na udongo. Kwa hiyo tuligonga mwamba kwa mtaimbo. Mara moja, ngoja. Mara mbili, vuta. Siku moja rika langu alisinzia kule chini kwenye ubaridi, hakugonga. Tulisubiri, tukasubiri, tukafikiri ametoka kwa njia nyingine, tukaenda zetu kula. Alituchukia mwezi mzima. Sasa pale kwa daktari niliuona mfupa wangu kama wale watu wa juu: umesubiri kugongewa miaka miwili, haukusikia kitu, ukaenda kula.

Daktari akaniambia vidonge vya presha niendelee navyo, nisije nikaogelea kwenye mafuta ya kukaangia kwa kisingizio chake, ila chakula cha kwetu kirudi kwa kiasi. Na niinue vitu. Kidogo kidogo, kila siku, karibu na ukuta.

Njiani kurudi, tulipofika Nyakoe, mwanangu alinigeukia.

"Desemba nakuja na pikapu," akasema. "Uketi kwenye kigoda. Ukiinuka mara tano bila kushika, unabaki, na mimi sitataja tena mjini. Ukishindwa, tunapakia kitanda."

"Kigoda ni kifupi kuliko kiti cha daktari."

"Ni wewe uliyesema kiti changu kimekuharibu."

Mtoto huyu alirithi mdomo, sijui aliutoa kwa nani. Nikakubali.

Kigoda kilitolewa kwa kuku kikaoshwa. Mkamwana aliambiwa habari ya chinsaga na mumewe, maana mimi singeweza kwenda kumfundisha mapishi. Kesho yake chungu kilikuwa motoni na malai ndani, harufu ikanifikia nje. Omena wakasamehewa. Avokado mbili tatu zikawa zinabaki lori likiondoka.

Nami nikapanga mawe. La kwanza lilikuwa dogo kama yai la bata. La mwisho lilikuwa kiboko ambaye hajachongwa vizuri, kichwa kimetoka, matako bado jiwe. Wiki za kwanza sikuinua jiwe lolote, nilijiinua mimi na ukuta. Halafu yai. Halafu bakuli la jiwe. Nilikuwa nakaa, nakumbatia jiwe kifuani, nainuka, nakaa. Jua likinipiga mgongoni. Mapaja yaliniuma mpaka nikatembea kama bata mwenyewe, nikajiambia, hao ni wajumbe, waache waseme. Yule kiboko watu waliniuliza mbona simmalizi. Kumchonga ni kumpunguzia uzito. Alibaki bila matako kwa ajili ya mapaja yangu.

Mama wa somo la afya alipita, akaona bakuli langu la chinsaga linang'aa.

"Mzee, unarudia dhambi."

"Hii si dhambi, mama. Ni barua."

Akaniombea. Sikukataa maombi, ila bakuli sikuliweka chini.

Nilianguka mara moja zaidi, Novemba, kwenye majani, taratibu. Hakuna aliyeona. Niligeuka nikapiga magoti, nikashika mgomba, nikainuka. Nikauegemea ule mgomba nikihema na kucheka peke yangu. Sijalisema hilo kwa mtu mpaka leo.

Desemba pikapu ikaja, ya kuazima. Rika langu alikuwa amewahi, amejiletea hata kiti chake cha kutazamia. Mwanangu akasimama mikono nyuma. Mkamwana alikuwa mlangoni pa nyumba yake, ule mpini mkononi.

Nikakaa kigodani, nikakunja mikono kifuani.

Mara ya kwanza niliinuka vizuri, nikamwangalia mwanangu kwa dharau kidogo. Ya pili. Ya tatu goti likalia kama mlango.

"Paka mafuta bawaba," rika langu akasema.

"Nimeyala," nikamjibu, na pumzi ya jibu hilo ilinigharimu. Ya nne niliinuka nikiwa nimejaa jasho.

Ya tano nilinyanyuka nusu, nikakwama. Nikawa hewani, si mkaaji si msimamaji, mapaja yanatetemeka kama jani la mgomba. Mwanangu akapiga hatua moja. Kwa pembe ya jicho nilimwona mkamwana wangu na mpini. Angeunyoosha, ningeushika, Mungu ananiona, ningeushika. Yeye akauficha nyuma ya mgongo wake.

Nilikasirika. Halafu nikafikiri, huyu ndiye aliyenivuta topeni, anajua uzito wangu kuliko wote waliopo, na ameona siuhitaji. Nikainamisha kichwa mbele kama nimemkumbatia kiboko. Nikasukuma ardhi. Ardhi ikanikubali.

Nilisimama. Rika langu alitema mate pembeni, akasema anakwenda kula, maana ndugu yake ameshatoka shimoni. Mwanangu akaenda kufungua mlango wa nyuma wa pikapu kwa mazoea ya mtu aliyekuja kupakia kitu.

"Pakia kiti," nikamwambia.

Akakipakia. Kiti cha plastiki kikaondoka na mikono yake miwili juu, kimefungwa kamba, kuelekea mjini.

Mkamwana akaja mpaka hatua tatu. "Tata, mpini huu naweza kuutia jembe? Palizi imechelewa."

"Utie," nikasema, nikitazama migomba.

Akauingiza kwenye jembe, akaugonga mara mbili juu ya jiwe.