Mzee Akabidhi Nyumba Angali Hai

Jumamosi iliyopita, hapa Mishomoroni, mzee jirani yangu alitoka katika nyumba yake na mfuko wa nguo, anacheka.

Mzee huyu hakujaaliwa kuzaa, na mkewe alishatangulia. Amemlea binti wa watu tangu akiwa mchanga, lakini kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa kulea harithi. Mzee akifa, nyumba ingekwenda kwa nduguye. Kadhi alimweleza kwamba aweza kumpa binti nyumba hiyo angali hai, iwe hiba, mradi yeye mwenyewe atoke na kumkabidhi kweli, mbele ya mashahidi.

Basi tuliitwa majirani, na yule ndugu pia. Mzee alimtia binti ufunguo mkononi, akamfunga vidole kimoja kimoja.

"Nyumba hii nimekupa. Umepokea?"

Binti akawa analia tu.

"Pokea, mwanangu," akasema yule ndugu, ambaye ndiye angeirithi. "Baba yako achomwa na jua."

"Nimepokea," akasema, akaingia na kufunga mlango.

Mzee akabisha. "Hodi, mwenye nyumba. Natafuta chumba."

Akina mama tulicheka huku tukijipangusa machozi kwa leso. Nimekaa matanga ambayo watu waligombea nyumba hata hitima haijasomwa, na hakuna aliyecheka.

Mlango ukafunguka.

"Karibu, baba," akasema binti. "Lakini viatu vivue hapo nje. Nimeshapiga deki."