Mshipa wa Mguu na Ateri ya Kifua

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa cherehani. Nilishona nguo za kazi katika karakana ya kampuni ya shaba, hapa Lubumbashi, na jioni nikawashonea majirani wa Naviundu. Miguu yangu ndiyo iliyokanyaga mashine, ndiyo iliyotulisha.

Maumivu yalianza siku niliyobeba jora la kitambaa. Kifua kilibana kama mtu amekikalia, taya likauma, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Nikasema ni gesi. Baadaye hata msikitini sikufika bila kusimama njiani, jasho baridi likinitoka.

Mke wangu Zaina akasema, "Baba Amisi, hii haiko gesi. Tukwende ku hopitali leo."

Daktari wa kampuni alinisikiliza sana kifuani. "Sitwayen," akaniambia, yaani mwananchi, kama tulivyoitana enzi zile, "mishipa ya moyo imeziba. Upasuaji wake hapa hatuuwezi. Utaenda Bulaya, kampuni italipa."

Huko Ubelgiji daktari mpasuaji alinieleza kwamba damu itatengenezewa njia mbili mpya: moja kwa mshipa wa mguuni, nyingine kwa ateri ya ndani ya kifua, yaani mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni.

"Chukua yote kifuani," nikamwomba. "Miguu hii inalisha watoto."

"Ateri hiyo haitafika kote," akajibu. "Na mguu una mishipa mingine, utakanyaga tena. Ila sikufichi: mshipa wa mguu umezoea damu ya polepole, unaweza kuziba baada ya miaka. Ateri imezoea nguvu ya moyo. Mara nyingi ndiyo inayodumu."

Nikakubali. Nilipozinduka, kila kikohozi kilitaka kunipasua upya. Lakini kilichonitesa zaidi ni mguu: ulivimba, ukatoa maji, ukakataa kiatu. Nyumbani Zaina aliuosha na kunitembeza uani. Siku niliyorudi kwenye cherehani, mguu ulitetemeka, gurudumu likarudi nyuma, uzi ukakatika. Zaina akacheka, kisha akalia.

Miaka ikapita, kifua kikauma tena kidogo. Madaktari wakanipima: mshipa wa mguu umekuwa mwembamba, ateri iko wazi kabisa. "Hiyo ndiyo inakubeba," wakaniambia. Wakanipa dawa, maumivu yakatulia.

Namshukuru Mungu, namshukuru Zaina, na mikono ile ya ugenini. Wewe unayesubiri kupasuliwa, uliza watakuunga kwa mshipa gani, usione haya. Kisha lala mikononi mwao bila hofu. Mimi wajukuu wangu wote nimewashonea nguo za Idi.