Risasi Sita, Tundu Moja

Jamani, hili naona haya hata kulisimulia, lakini afadhali mlisikie kwangu kuliko kwa watu wa mtaa wa Makorora, maana huko limeshatiwa chumvi mpaka inasemekana niliangusha ukumbi mzima. Sikuangusha ukumbi. Niliangusha shabaha tano tu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na Jumamosi hulenga shabaha kwa bastola kwenye klabu yetu ndogo. Risasi zetu huzijaza Mzee Seif, mwenye kibali cha kazi hiyo, mtu mpole anayepima baruti kama sonara apimavyo dhahabu. Mashindano ya ukumbini ya kuchagua timu ya kwenda Dar yalipokaribia, nikamwendea.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Leo unaniuliza nini tena?” (Ananijua.)

Nilitaka kujua kwa nini bastola ileile, mkono uleule, ukibadilisha risasi tu inabadilika tabia. Akanipa makopo matatu ya risasi, nzito, za kati na nyepesi, akasema nikazijaribu kwenye uwanja wetu wa Pongwe, bastola itachagua yenyewe.

Hapo ndipo nilipoteleza. Karatasi za shabaha zilikuwa chache, nikaona za nini kuziharibu, nikabandika karatasi tupu za kaki na kupiga. Nzito zilitawanyika, za kati zikajikusanya kiasi, lakini zile nyepesi, wallahi, matundu yake ungeyafunika yote kwa kisoda! Karatasi ile niliizungusha ofisi nzima ya walimu, nikitangaza kwamba nafasi ya timu imeshapata mwenyewe.

Siku ya mashindano tukasimama watano. Jirani yangu kwenye mstari, Bi Rukia, muuguzi, hakuwa amekosa hata moja. Mimi nikalenga katikati kabisa, nikafyatua, nikatazama: karatasi haina tundu. Nikarudia kwa makini zaidi, hamna. Mwenye akili angeuliza, mimi nikajiambia labda zote zinapita kwenye kitundu kimoja nisichokiona (ndiyo, mwalimu mzima). Ya sita ilipotoka tukasikia kwaa! Ubao mwembamba uliobeba shabaha zetu sote kwa chini ukakatika, zote tano zikaenda chini.

Bi Rukia akaweka bastola yake chini, akageuka taratibu. “Mwalimu, ulikuwa unamlenga nani?”

Ukumbi ukaangua kicheko. Msimamizi akaamuru mzunguko urudiwe, na Bi Rukia, mikono imeshamchoka, akakosa mara mbili, nafasi aliyokuwa ameishika ikaenda kwa mwingine. Hilo liliniuma kuliko kile kicheko.

Mzee Seif, aliyekuja kututazama, akaokota ubao, akachungulia. “Njooni muone! Sita, tundu moja!” Kisha akanieleza pembeni, bila kunicheka, kwamba risasi nyepesi haiuinui mtutu sana kabla ya kutoka, kwa hiyo hupiga chini kuliko ile nzito niliyoizoea. Kule Pongwe sikuweka hata alama ya kulenga. Nilitazama tu kama matundu yamekaa pamoja, sikuuliza yamekaa wapi.

Kesho yake nilikwenda kwa Bi Rukia kuomba radhi. Akanisamehe, akanikaribisha chai, ila akanisihi mwakani nisimame mwisho wa mstari, mbali naye. Nami nimeapa: karatasi tupu sipigi tena maishani, hata kwa risasi moja ya majaribio, mpaka niichore nukta nyekundu katikati na kumwita mtu mwingine aione.