Mkono wa Mizani

Kaka yangu wanamwita Mizani, na si kwa sababu ya mwili, maana ni mwembamba kama sisi wote wa kwetu. Jina hilo alilipata kwenye safu ya maduka ya vifaa vya kompyuta vya mtumba. Mtu akimletea pawa saplai, lile boksi la chuma linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta, hasomi maandishi yake kwanza. Anaiweka kwenye kiganja cha kushoto, anafumba jicho moja, anaipandisha na kuishusha mara mbili. Ikiwa nyepesi anairudisha bila neno. Maandishi, anasema, ni karatasi tu, hata yeye anaweza kuandika wati mia saba kwenye kopo la maziwa. Lakini shaba ina uzito wake, na transfoma ina uzito wake, na asiyeviweka hivyo ndani mkono utamjua.

Aliwahi kudanganywa mara moja. Jamaa alimuuzia pawa saplai iliyogundishwa kipande cha saruji ndani, na soko zima likamcheka wiki nzima. Tangu hapo akishapima kwa kiganja huitikisa karibu na sikio, kisha huchungulia kwenye matundu kwa tochi ya simu. Mkono ule haujakosea tena.

Duka ni letu wawili. Mbele mimi nauza makava ya simu na chaja, nyuma yeye anatengeneza kompyuta, na katikati kuna pazia ambalo sijawahi kuliona limefungwa. Nayasema haya ili ujue kwamba sikusimuliwa. Nilikuwepo.

Ana binti mmoja. Tangu darasa la kwanza, mtoto huyo akitoka shule alikuja kukaa huko nyuma juu ya kreti, akaandika kazi zake pembeni ya kompyuta ya baba yake. Kompyuta hiyo ilikuwa na feni yenye panga moja lililomeguka ncha, basi ikizunguka ilikwama kidogo na kuendelea, tik, tik-tik, tik. Mtoto akaipa jina la Kigugumizi. Wateja walishangaa fundi mzima kukaa na feni mbovu, na yeye aliwaambia kwamba feni si yake, ina mwenyewe, na mwenyewe yuko darasa la pili.

Binti alipofika miaka kumi na miwili ndoa ilivunjika. Sitasema nani alikosa. Wifi yangu ana yake na kaka ana yake, na mimi niliyemwagiwa yote mawili masikioni nimechoka nayo. Wifi alihamia mji mwingine na mtoto, na baada ya mwaka akaolewa na mtu mpole tu, anayefanya kazi ya ofisini. Ningependa kumchukia yule bwana lakini hajanipa nafasi.

Mwanzoni mtoto alipiga simu kila jioni. Baadaye ikawa mara tatu kwa wiki. Baadaye ikawa, "Baba, niko na wenzangu, nitakupigia," halafu asipige. Kaka akaanza kupunguza sauti ya redio kila ikifika saa kumi na moja jioni, na simu yake akaitoa mfukoni na kuiweka mezani kifudifudi, ili asionekane kwamba anaitazama. Nilikuwa namwona kupitia pazia na roho inaniuma.

Siku moja simu ikaita, na binti alikuwa na habari. Wenzake shuleni wanacheza mchezo wa malori kwenye kompyuta, mnaendesha kwa msafara, kila mtu na lori lake, huku mnaongea. Kama naye angekuwa na kompyuta ya kuweza mchezo ule, wangecheza yeye na baba yake kila Jumamosi. "Wewe lori lako na mimi langu, tunaongea tu njia nzima," alisema. Mtoto aliyasema kama wazo tu. Kaka alikata simu akiwa ameshapewa Jumamosi zote za maisha yake.

Ilimchukua miezi mitano. Angeweza kumnunulia ya dukani, akaniambia, hizi zenye kioo ubavuni na taa za rangi, lakini kwa hela yake angepata taa tu. Alitafuta kipande kimoja kimoja. Mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba vyote, ilitoka kwenye kompyuta ya ofisi iliyofungwa, na prosesa, ndiyo ubongo wake, ilikuja nayo. RAM, vile vijibao vya kumbukumbu, alibadilishana na kazi ya siku mbili. Kadi ya picha, ile inayobeba mzigo mzito wa michezo, aliipata kwa mtu aliyekuwa anahama, akaifungua, akaisafisha kwa brashi ya meno, akaibadilishia gundi ya kupooza joto. Kasha lilikuwa na kutu kwenye pembe moja, akalipiga msasa na kulipaka rangi ya bluu.

Ila pawa saplai hakutaka ya kubahatisha. Alijumlisha wati za kila kifaa kwenye nyuma ya risiti, akaongeza nusu yake juu, akazunguka safu nzima ya maduka akipima kwa kiganja. Wenzake walimtania. Walimwambia anatafuta pawa saplai kwa makini kuliko alivyotafuta mke, naye akajibu kwamba ndiyo maana, safari hii hataki kurudia. Niliyoiona akirudi nayo ilikuwa imekula karibu theluthi ya hela yote. Nikamgombeza, kwa nini hela yote hiyo kwa kitu ambacho mtoto hatakiona hata siku moja?

Akaniambia, "Pawa saplai mbovu haifi peke yake. Inaondoka na wenzake wote. Na mimi siko karibu, ikiharibika nani atamtengenezea?"

Kila alichokipata alimpigia mtoto kumweleza. Mtoto aliitikia ndiyo baba, sawa baba. Alipomuuliza habari ya skrini, binti alimwambia asinunue, mama amepata moja. Kaka alifurahi sana siku hiyo, akasema wifi amelainika. Na alipomuuliza aweke feni gani, mpya au ya mtumba, hapo tu ndipo mtoto alipocheka kama zamani. "Weka Kigugumizi, baba." Basi akaing'oa kwenye kompyuta yake mwenyewe, akaifunga kwenye lile kasha la bluu. Yake akaitia feni mpya isiyosema kitu. Duka likawa kimya hata mimi nikawa napiga miluzi.

Tulikwenda wote wawili kuipeleka. Kaka aliipakata njia nzima, alikataa kuiweka chini. Wifi alitupokea kwa heshima, akatukaribisha chai, akasema mumewe yuko kazini na anatusalimia. Binti alikuwa amerefuka, kidevu chake kinafika begani kwa baba yake. Alimkumbatia kwa muda mrefu, na mimi nikageuka kutazama kalenda ukutani.

Chumba chake kilikuwa kidogo, kitanda upande mmoja na meza upande mwingine. Juu ya meza kulikuwa na skrini tu, pana na mpya, na ubao wote uliobaki umepanguswa mpaka unang'aa. Kaka aliiweka kompyuta yake, akarudi nyuma hatua moja kuitazama. Kisha akauliza soketi iko wapi. Ilikuwa ukutani, chini, nyuma ya uvungu wa kitanda. Akapiga magoti. Kulikuwa na kitu uvunguni kimefunikwa shuka, kimeziba njia.

"Baba, acha, nitakitoa mimi," binti alisema, haraka mno.

Lakini alikuwa ameshakishika, mkono wa kulia mbele, wa kushoto nyuma, na huko nyuma ndiko pawa saplai hukaa. Alikiinua kukisogeza. Halafu akasimama hapo hapo, amepiga magoti, na nikaona mkono wa kushoto ukipanda na kushuka. Mara mbili. Nilimtazama usoni. Alikuwa amefumba jicho moja.

Wifi alikuwa mlangoni na sinia, amekuwa kama amepigwa picha. Kaka akakishusha kile kitu polepole, akakisogeza upande, akakirudishia lile shuka vizuri mpaka pembeni, kama mtu anayemfunika mtoto.

"Mizigo ya mama yako, siyo?" akauliza.

"Ndiyo, baba," binti akasema.

Akachomeka waya. Akawasha. Kompyuta ikaamka bila kusita, skrini ikajaa rangi, na Kigugumizi akaanza, tik, tik-tik, tik. Binti alianza kulia. Baba yake akampapasa kichwa akamwambia, "Usilie, mama, ni feni tu." Tukanywa chai, tukaaga.

Njia nzima ya kurudi hakusema neno juu ya jambo lile, na mimi nilijizuia kwa shida. Mimi si mtu wa kunyamaza. Tulipofika tu nilijifungia chooni nikampigia wifi, na nilimsema maneno ambayo sitayarudia hapa. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akanieleza.

Mumewe alimnunulia mtoto kompyuta siku ya kuzaliwa, ya dukani, nzima, pamoja na ile skrini, wiki tatu kabla hatujafika. Hakujua habari za kaka, kwa sababu mtoto hakumwambia mtu, aliifanya siri yake na baba yake. Ilipoletwa mtoto alifurahi na kulia kwa pamoja. Aliwasihi wote wasimwambie baba. Tuliposema tunakuja, aliizima mwenyewe, akaisukuma uvunguni mwenyewe, akaifunika shuka lake mwenyewe, na usiku ule hakula. "Ungetaka nifanye nini, wifi?" akaniuliza. Nilitafuta wa kumlaumu nikamkosa, na mimi nisipokuwa na wa kumlaumu naumwa kichwa.

Sikumwambia kaka niliyoyasikia. Alikuwa anayajua kwa mkono.

Jumamosi ya kwanza alifunga kazi saa tisa, akafuta meza, akavaa shati safi kana kwamba ataonekana. Spika aliziacha wazi, kwa hiyo nilisikia yote. Binti akasema, "Ngoja, baba, niiwashe yako." Akajirekebisha. "Yaani, niwashe kompyuta." Kaka akamwambia awashe tu, asiwe na haraka. Na baada ya sekunde chache ikaja kupitia spika, kutoka mji mwingine, tik, tik-tik, tik. Kaka alikaa akaisikiliza kabla hajaligusa lori lake. Nami niliacha kupiga miluzi.

Waliendesha. Yeye fundi mzima alikuwa dereva wa hovyo, aliangusha lori mtaroni mara nne, na mtoto akawa anarudi nyuma kumvuta. Walizungumza habari za mwalimu wa hesabu, habari za viatu, habari za mimi shangazi ninavyokoroma. Nilipinga kutoka mbele. Kaka alikuwa anajua kwamba yule mtoto, kila Jumamosi, anachomoa nyaya za kompyuta nzuri na kuchomeka za kompyuta ya bluu, kwa ajili yake tu, halafu akishaaga anazirudisha. Nilimwona anavyojua. Alikuwa akiishukuru kila dakika ya ile kelele.

Zilikuwa Jumamosi saba. Nilizihesabu.

Ya nane ilianza kama nyingine. Shati safi, meza safi, saa tisa. Binti akasalimia, akacheka, akasema wenzake wawili wataingia msafarani leo, kama baba hana neno. Kaka akasema hana neno, wakaribie. Kisha akainama kidogo kuelekea spika. Nami nilikuwa na mteja anachagua kava, nikamwomba anyamaze.

Hakukuwa na kitu. Sauti ya mtoto ilikuwa safi, karibu sana, kama yuko nyuma ya pazia, na nyuma ya sauti yake kimya kabisa.

Kaka aliweka mkono wake wa kushoto juu ya meza, kiganja kimetazama juu.

"Kigugumizi hajambo?" akauliza.

Nilisikia watoto wengine wakiitana. Kisha binti akasema taratibu, "Hajambo, baba. Anakusalimia."

"Mwambie nami namsalimia sana."

Akawasha lori lake, akawafuata. Waliendesha saa nzima na hakuanguka hata mara moja, alikaa mwisho wa msafara akiwaacha watoto wapige kelele zao. Wakati wa kuaga binti alimwambia Jumamosi ijayo wana mtihani, labda ile nyingine. Akamwambia asome kwa bidii. Akazima.

Nilipita pazia nikasimama pembeni yake. Nilimwekea mkono begani. Sura yake ilikuwa tulivu, sura ile ile ya mtu anayepima kitu cha watu.

"Ile yake nyingine haina kelele kabisa," akasema. "Wamemwekea pawa saplai nzuri. Niliishika."

Kisha akaukunja waya wa spika, akauweka kwenye droo.