Mita Mia Tatu Kaskazini

Nianze na ukweli, maana nimechoka kuusimulia mkasa huu kwa kujipendekeza. Nilitaka yule kaka aanguke. Sikutaka afeli kimyakimya, matokeo yatoke na yeye ajifungie chumbani. Nilitaka aanguke mchana kweupe, mbele ya watu, na nilitaka mkono uliomwangusha uwe wangu. Nilikuwa na sababu zangu.

Kidato cha sita nilifeli. Hakuna aliyeniroga, wala hapakuwa na msiba nyumbani. Nilikuwa na mchumba, nikawa nasoma meseji zake kuliko vitabu, na matokeo yalipotoka yeye alikuwa ameshahamia kwa mwingine. Nikakaa miaka miwili Mkonze kwenye duka la steshenari, nikitoa kopi za vyeti vya watu waliokuwa wanaomba vyuo. Kila cheti nilikisoma kabla sijakilaza kwenye mashine, na roho iliniuma kwa kila kimoja. Siku moja nikasema basi, imetosha. Nikaomba mwaka wa faundesheni, ule mwaka mmoja wanaokupa uzibe pengo kabla ya kuanza digrii. Nilichagua jiografia kwa sababu ndilo somo pekee ambalo hata nilipolifeli, nililifeli huku nalipenda.

Darasa letu la faundesheni lilikuwa chumba cha mwisho, jirani na stoo ya viti vibovu. Tulikuwa watu wazima wengi: mama wa watoto watatu, mgambo, mwalimu wa chekechea. Ramani tulifundishwa na mzee mmoja mstaafu aliyepima ardhi maisha yake yote, na mzee huyo alikuwa na kero moja kubwa. Alikuwa hataki uguse katikati ya ramani kabla hujasoma maandishi ya pembezoni, tena mara mbili. Ukianza kunyoosha kidole kwenye mito na vilima, anakipiga na rula. Alitueleza mpaka ikatukaa kichwani: ramani za zamani zilipimwa kwa msingi mmoja, simu zenu zinapima kwa msingi mwingine. Namba zilezile ukizitoa kwenye karatasi ukazitia kwenye simu bila kuzibadilisha, simu itakupeleka pasipo, karibu mita mia tatu kaskazini ya pale penyewe. Tulifanya mahesabu ya kubadilisha hizo namba kwa mkono, wiki nzima, mpaka mgambo akasema bora arudi lindoni.

Nilifaulu mwaka ule vizuri sana, nikaingia mwaka wa kwanza wa digrii kifua mbele. Huko ndiko nilikomkuta yule kaka. Tulikuwa darasa moja kidato cha sita, akachaguliwa ualimu, akaacha, ndiyo maana tukakutana tena. Wiki ya kwanza mhadhiri alitutaka kila mtu asimame ajitambulishe. Nilisimama. Sijafika hata mwisho wa sentensi, yeye kule nyuma akasema kwa sauti ya kutosha, "Huyu mwenzetu kaingia kwa mlango wa nyuma." Ukumbi mzima ukacheka. Nikacheka nao.

Kuanzia siku hiyo nikawa Mlango wa Nyuma. Mpaka wauza chakula wa kantini waliniita hivyo, eti "Mlango wa Nyuma, wali au ugali?" Nikipata alama za juu, wanasema nimesaidiwa. Nikiuliza swali darasani, kuna mtu anagonga meza kama anayebisha hodi. Mwaka mzima. Nikajisemea, kaka yangu, wewe utanitambua.

Mwaka wa pili tukapelekwa mazoezi ya nje, wiki moja, kijiji kimoja mbele ya Haneti. Kundi letu lilikuwa na watu sita, na kiongozi akawa nani? Yeye. Kazi tuliyopewa haikuwa ya mchezo. Wakulima na wafugaji wa pale walikuwa wanagombana kuhusu mapito ya ng'ombe. Kila mzee alikuwa na lake: huyu anasema yalipita huku, yule anasema kule. Mwishowe wakakubaliana wafuate ramani ya zamani ambayo ilikuwa imeyachora mapito hayo. Sisi tuyatafute ardhini, tupigilie vigingi, Ijumaa mhadhiri aje kukagua na serikali ya kijiji ipitishe.

Jumatatu kiongozi wetu akagawa kazi. Wanne wapime na yeye. Mimi akanitazama, akasema, "Wewe utasimamia jiko. Mambo ya vipimo yanataka msingi." Wenzangu wakaangua kicheko. Nilichukua sufuria nikaondoka.

Tulilala kwenye madarasa ya shule ya msingi, shule ikiwa imefungwa, na jiko letu lilikuwa nyumbani kwa mama mmoja jirani na uwanja. Alikuwa mjane, Kiswahili chake cha taratibu, cha kujifunza ukubwani, na mkono wake mwepesi kuliko wangu kwa kila kitu. Alinicheka nilivyosonga ugali wa uwele, akanifundisha upya kana kwamba nilikuwa nimetoka Ulaya. Mlenda wake ulinifanya nisahau kiongozi wa kundi kwa nusu saa nzima. Alikuwa na shamba moja tu, lile lililoanzia nyuma ya nyumba, la udongo mwekundu mzuri, mabua ya msimu uliopita yamesimama bado. Mumewe alilifyeka kwa mkono wake, kisiki kwa kisiki. Alisema watoto wake wanne wamelelewa na lile shamba, yeye aliwazaa tu.

Jumanne mchana wenzangu walikuja kula, wakaiacha ramani juu ya kigoda. Nikanawa mikono nikaisogelea. Kwa mazoea ya mzee wa rula nikaanzia pembezoni, chini kulia. Na hapo palikuwa pameandikwa wazi kabisa kwamba ramani ile ilipimwa kwa ule msingi wa zamani. Nikachukua daftari la kiongozi. Namba zote alikuwa amezinakili kutoka kwenye karatasi, nyingine tayari ameshaziingiza kwenye simu, hajabadilisha hata moja. Nilirudia kusoma, kama nilivyofundishwa.

Nawaambia, raha niliyoisikia siku hiyo sijawahi kuisikia tena. Nilipakua chakula, nikamwekea yeye mboga ya kutosha, nikamkaribisha kwa adabu. Moyoni nasema, kula, baba, kula ushibe. Ningeweza kumwambia palepale, akarekebisha kwa saa moja, na heshima yote ingekuwa yake. Nikaamua kusubiri Ijumaa, mhadhiri akiwepo, kijiji kizima kikiwepo.

Jumatano wakapigilia vigingi, kila kimoja na kitambaa chekundu. Vikapita katikati ya shamba la mama. Niliviona nikiwa natwanga, vikija kimoja kimoja kama vinanitafuta mimi. Mapito yenyewe, nilivyopiga hesabu kwa kidole kwenye majivu, yalikuwa kusini, kando ya korongo, mahali ambapo hata mbuzi hapati jani la kubishania. Mama akatoka mbio, akawaambia mapito hayajawahi kupita hapo, yeye ameolewa hapo akiwa binti. Kiongozi wetu akamjibu kwa upole kabisa, hakuwa na ubaya naye, "Mama, ramani ndiyo inasema hivyo. Ramani haina ndugu."

Mama akarudi jikoni, akakaa mbele yangu. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe umesoma. Ni kweli wanayosema?"

Nilikuwa nakoroga mlenda. Niliendelea kukoroga. Nikamwambia, "Mimi sijui, mama. Mimi niko jikoni tu."

Nilijiambia ni siku mbili. Siku mbili ni nini? Ijumaa ninasema, vigingi vinang'olewa, shamba linabaki lake, na yule kaka anabaki uchi mbele ya kadamnasi. Nilijipangia mpaka maneno. Alhamisi nzima nilikuwa nayarudia huku napepeta mchele, na alasiri mama alipotoka na khanga yake nzuri kuelekea ofisi ya kijiji, sikumwuliza anakwenda kufanya nini.

Ijumaa tulikusanyika kwenye darasa la saba. Mhadhiri mbele, mwenyekiti wa kijiji pembeni yake, wananchi wamejaa mpaka madirishani. Kiongozi wetu alieleza vizuri, siwezi kumnyima. Alipomaliza, watu wakapiga makofi. Nikanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Naomba kiongozi wetu atusomee maandishi ya pembezoni mwa ramani, chini kulia."

Akasoma, anababaika kidogo, hajui anasoma nini. Mhadhiri alisimama, akaichukua ramani, akaisogeza karibu na macho.

"Hizi namba ulizichukua humu?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Ukazibadilisha?"

"Kubadilisha nini, mwalimu?"

Hapo ndipo alipoanguka. Niliona anaelewa kwamba kuna kitu alipaswa kukijua, hakijui, na kila mtu ameona. Shingo ilimlowa jasho. Mhadhiri aliniita mbele, nikaandika mahesabu ubaoni, nikaonyesha kwamba mapito yako kusini, kando ya korongo. Wazee wawili waliokuwa hawasemezani walitikisa vichwa pamoja, wakasema hapo sasa ndipo. Mhadhiri akauliza, "Haya umejifunzia wapi?" Nikamjibu bila haraka, "Faundesheni, mwalimu. Mlango wa nyuma." Wenzangu walicheka, na safari hii hawakunicheka mimi. Nilimtazama usoni mpaka akainamisha macho.

Mhadhiri akamgeukia mama, aliyekuwa ameketi dawati la mwisho. "Basi, mama, tusamehe kwa usumbufu. Shamba lako limepona."

Mama akasema, "Si langu tena."

Ikabidi mwenyekiti aeleze. Jana yake, Alhamisi, mdogo wa marehemu mumewe, mwenye ng'ombe wengi, alimwendea. Akamwambia shamba lililopitiwa na ng'ombe halitamfaa mwanamke, yeye yuko tayari kulichukua, ampe kipande chake cha kule mlimani, na akingoja mpaka ramani ipitishwe hata hicho hapati. Mama akakubali. Wakaandikishana ofisini, akaweka dole gumba, mashahidi wakatia sahihi. Kipande cha mlimani nilikuwa nimekiona, ni mawe na miiba.

Yule shemeji alikuwepo, amesimama mlangoni. Mhadhiri akamwuliza kama hawezi kurudisha. Akasema, "Mwalimu, sikumlazimisha mtu. Tumeandikiana." Akaondoka kwenda kuangalia mali yake.

Mama hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi.

"Mwanangu," akasema, "haya ya ubaoni umeyajua leo?"

Ningeweza kudanganya. Hakuna mtu angejua. Lakini alikuwa ameuliza taratibu, na mimi bado nilikuwa na chaki mkononi.

"Jumanne, mama."

Akahesabu, nikaona midomo yake inasogea. "Jumatano nilikuuliza."

"Ndiyo, mama."

Aliinuka, akajifunga khanga, watu wakampisha.

Alasiri ile kiongozi wetu na mhadhiri walikwenda kwa yule shemeji kumbembeleza, wakarudi mikono mitupu. Kisha kiongozi akaenda peke yake kwa mama. Nilimwona nikiwa dirishani. Alipiga magoti kwenye vumbi mbele ya jiko nililokuwa nikipikia, akasema maneno ambayo sikuyasikia, na akakaa pale muda mrefu. Nilikasirika. Hata msamaha kaniwahi, nikawaza, hata huo anautaka uwe wake. Ndivyo nilivyokuwa, na sitaki kujipamba. Mpaka leo, nikikumbuka alivyouliza kubadilisha nini, kuna kitu kinacheka ndani yangu, na sijapata dawa ya kukinyamazisha.

Alinipa alama za juu mhadhiri, za juu kuliko wote. Hakuna aliyeniita Mlango wa Nyuma tena, hakuna aliyeniita chochote.

Jumamosi asubuhi gari lilikuja kutuchukua. Tulipita kwa mama kumuaga, mimi mbele, kiongozi nyuma yangu. Alikuwa anafagia uwanja. Nilisimama karibu kabisa, pasiwe na kisingizio kwamba hakusikia, nikamwambia, "Shikamoo, mama."

Alifagia mpaka ufagio ukagusa viatu vyangu, akauzungusha, akaendelea upande wa pili. Nyuma yangu yule kaka naye akamwamkia, kwa sauti ndogo. Mama akasimama, akaegemea ufagio, akamtazama.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Mfike salama."